Msomaji Yuko Upande Gani? Riwaya ya Uonevu Mikononi mwa Wanafunzi



Mada yangu inahusu jambo linalotokea darasani kila mwaka. Mwanafunzi amesoma riwaya kuhusu uonevu wa shuleni, ameifunga, na mwalimu anataka kusikia anasemaje. Tumuulize nini? Hoja yangu ni kwamba riwaya ya namna hiyo humjenga kijana pale anapojiona miongoni mwa wale wanaotazama na kunyamaza. Akiisoma kwa kumtafuta mbaya wa kulaaniwa, anaweza kutoka nayo amepata njia mpya ya kuonea wenzake.

Mfano wangu ni riwaya ya Wonder ya R. J. Palacio, iliyotoka Marekani mwaka 2012 na kutengenezewa filamu mwaka 2017. August Pullman ana miaka 10 na alizaliwa na uso usiofanana na nyuso walizozoea watu. Amesomeshwa nyumbani hadi anapoingia darasa la tano katika shule moja ya New York. Usimulizi unapokezanwa: anaanza August, kisha dada yake, kisha marafiki, ili msomaji aone kisa kilekile kwa macho tofauti.

Yapo mambo mawili humo ambayo mwalimu hapaswi kuyapita mbio. La kwanza ni mchezo wa Tauni. Wanafunzi wanakubaliana kwamba anayemgusa August ana sekunde 30 tu za kunawa mikono au kutafuta dawa ya kuitakasa, la sivyo ataambukizwa. Tazameni mchezo huo unavyofanya kazi. Mtoto mmoja hawezi kuucheza peke yake. Unahitaji darasa zima likubali kanuni, lihesabu sekunde, licheke. Hakuna ngumi iliyorushwa wala tusi lililotamkwa, na kila mmoja anaweza kuapa kwamba hakumfanyia August lolote. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha, na usaha wenyewe ndio huo.

La pili ni Halloween, siku ambayo watoto wa Marekani huvaa vinyago. August amebadilisha vazi dakika za mwisho, kwa hiyo hakuna anayemtambua. Anaingia darasani na kumsikia Jack Will, rafiki yake wa kwanza pale shuleni, akiwaambia Julian, kiongozi wa uonevu dhidi ya August, na wenzake kwamba angekuwa na uso kama ule angejiua. Jack si mtoto katili. Kundi limemzunguka, anataka kukubalika, na anatoa neno ambalo kundi linalitaka. Kijana yeyote aliyewahi kucheka kwa kuogopa asije akachekwa yeye anaijua hali hiyo.

Utafiti unaafikiana na riwaya katika jambo hili. Mwaka 1996 Christina Salmivalli na wenzake nchini Finland walionyesha kwamba uonevu ni tendo la kundi: yupo anayeanzisha, wapo wanaomsaidia, wanaomshangilia, wanaojitenga, na wanaomtetea anayeonewa. Huko Kanada, Hawkins, Pepler na Craig walichunguza kwa kamera na vinasa sauti michezo ya watoto katika viwanja vya shule za Toronto. Matokeo yao ya mwaka 2001 yalionyesha kuwa wenzao walikuwepo katika asilimia 88 ya matukio ya uonevu, lakini waliingilia kati katika asilimia 19 tu. Walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Watazamaji, basi, wana nguvu kubwa kuliko wanavyodhani.

Sasa nije kwa wasomaji wenyewe. Julian hakupewa sehemu ya kusimulia katika riwaya ya mwanzo. Baada ya kitabu kuenea, ukasambazwa ujumbe wa kuwaonya watu wasiwe Julian, na jina la mtoto wa kubuni likageuka tusi. Nia ilikuwa njema, lakini namna ilikuwa ileile: kundi limepata mmoja wa kunyooshea kidole, na wote wengine wamejihesabu wema. Palacio alijibu kwa hadithi. Mwaka 2014 alitoa The Julian Chapter, ambamo Julian anasimulia hofu zake na majinamizi ya usiku, na bibi yake huko Paris anamweleza jinsi alivyookolewa wakati wa utawala wa Wanazi na mvulana mlemavu ambaye shuleni alikuwa hamjali. Kosa la Julian halikufutwa. Kilichobadilika ni kwamba msomaji hawezi tena kukaa mbali naye kwa raha.

Katika madarasa yetu njia ya kukwepa imetandazwa tayari. Tunauliza dhamira, sifa za wahusika na funzo. Mwanafunzi anaandika kwamba mhusika fulani ni katili na jamii inaaswa kuacha uonevu, anapata alama zake, kisha kengele inalia na anarudi bwenini kumtuma njuka, yaani mwanafunzi mgeni, amfulie nguo. Nchini Kenya, ambako mgeni huyo huitwa mono, yatasemwa hayohayo. Aliyeteswa kidato cha kwanza anaisubiri zamu yake, na jibu sahihi la mtihani halijamgusa popote. Louise Rosenblatt alifundisha tangu mwaka 1938, katika Literature as Exploration, kwamba maana ya kazi ya fasihi huzaliwa pale msomaji na matini wanapokutana. Tukidai funzo kabla ya mkutano huo, tunapokea maneno ya mwalimu yakiturudia.

Napendekeza, kwa hiyo, kazi ya kuandika itangulie mjadala. Mpe mwanafunzi ukurasa mmoja asimulie kama mtoto anayekimbilia bomba la maji baada ya kumgusa August: anafikiri nini, anamwogopa nani, nani anamtazama? Kisha mpeleke mahali ambapo mmoja angeweza kusema neno, na amwandikie neno hilo. Jambo moja lisifanyike kamwe: mwalimu asisimame mbele ya darasa na kuuliza nani amewahi kuonewa. Anayeonewa huenda ameketi dawati moja na anayemwonea. Na maandishi yakifichua mateso ya kweli, kusahihisha insha hakutoshi. Mwalimu ana wajibu wa kumlinda mtoto huyo siku hiyohiyo.

Tuwape wanafunzi pia uhuru wa kuibishia riwaya. Wapo wasomaji wenye maumbile tofauti ya uso waliolalamika kwamba August anaishia kupewa nishani na kushangiliwa, kana kwamba mtu kama yeye hana budi kuwagusa wengine mioyo ndipo astahili heshima. Malalamiko hayo yana uzito. Mwanafunzi anayeuliza kwa nini August apewe nishani kwa kuvumilia yale ambayo hakupaswa kufanyiwa, huyo ameisoma riwaya kwa undani kuliko aliyekariri dhamira zake zote.

Walimu, najua mtasema muhula ni mfupi na mtihani unangoja. Lakini aliyeandika ukurasa ule ataijibu dhamira kwa mifano iliyo hai, na mtihani hautampiga chenga. Watunzi wa mitihani nawaomba waongeze swali kuhusu wanaonyamaza. Waandishi wetu wa riwaya za vijana wawaandikie wasomaji wetu mabweni wanayoyajua, wakimpa sauti hata yule aliyesimama mlangoni akitazama. Nanyi wanafunzi, mtetezi wa kwanza wa mwenzenu mara nyingi ndiye aliye karibu kuliko mwalimu yeyote. Semeni neno mapema, hata kama sauti inatetemeka, kwa sababu mwenzenu anasubiri kujua kama yuko peke yake.