Presha Kwenye Kiti cha Kinyozi

Msikilizaji, shinikizo la damu huwaua zaidi wanaume weusi wa Marekani kuliko wenzao weupe, na wengi wao hawakanyagi kliniki. Wana sababu. Kule katika mji wa Tuskegee, kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali iliwaacha mamia ya wanaume weusi waugue kaswende bila tiba, ili ichunguze tu ugonjwa utawafikisha wapi. Nani angesahau?

Daktari Ronald Victor wa Los Angeles aliamua kuwafuata walipo: kwa kinyozi. Utafiti wake, uliochapishwa 2018, ulihusisha wanaume 319 wenye presha katika saluni 52. Katika kundi moja, kinyozi alimhimiza mteja wake aonane na mfamasia. Mfamasia huyo akampima palepale na kumwandikia dawa kwa makubaliano na daktari wake. Baada ya miezi sita, kipimo cha juu kilishuka kwa wastani wa pointi 27. Na kundi la pili, waliohimizwa tu na kinyozi waende kwa daktari? Pointi 9.

Ushahidi upo, basi. Ila mshahara wa mfamasia na bei ya dawa haviwezi kutoka mfukoni mwa kinyozi. Serikali na kampuni za bima ndizo zinazopaswa kulipa.