Mtoto wa Mbwa Aingiapo Nyumbani



Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya mgeni mdogo aingiaye katika nyumba nyingi za Hanga, na za upande wote wa Songea, wala hapigi hodi. Mgeni huyo ni mtoto wa mbwa. Huletwa ndani ya kapu, watoto wakamfurahia siku mbili tatu, kisha husahauliwa, naye akajitafutia riziki jalalani. Nasi twasema kwamba majuma yake ya kwanza ndiyo yatakayoamua kama atakuwa mlinzi wa nyumba au hatari ya nyumba.

Faida ya mbwa twaijua sote. Mahindi yakomaapo shambani, nyani na nguruwe mwitu nao hawalali. Mbwa aliyelelewa vema huwasikia kabla ya mwenye shamba, na usiku hubweka mgeni asiyejulikana akaribiapo ua.

Basi tuanze mwanzo. Mtoto wa mbwa asitwaliwe kwa mama yake kabla ya kutimiza miezi 2. Mpaka hapo ahitaji maziwa, tena katika kucheza na ndugu zake hujifunza kuuma kwa kiasi. Aliyetengwa mapema mno huwa dhaifu, na meno yake hayana adabu.

Pili, apewe mahali pake pa kulala. Mwezi wa Juni na Julai huku kwetu kuna baridi kali. Sanduku la mbao au kapu kuukuu lenye gunia kavu latosha, likiwekwa mbali na umande na mbali na moto. Usiku wa kwanza atalia, maana amezoea joto la wenzake. Asipigwe kwa kilio hicho. Heri kumwekea kitambaa kilicholaliwa na mama yake, apate kusikia harufu anayoijua.

Tatu ni chakula. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo ale kidogo kidogo, mara 3 au 4 kwa siku: ugali laini uliochanganywa na mchuzi wa dagaa usio na chumvi nyingi, na maji safi kila wakati. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, kwa kuwa huvunjika ikawa na ncha kali na kumchoma tumboni. Apewe pia dawa ya minyoo, maana baadhi ya minyoo ya mbwa huweza kuwaingia watoto wetu. Nanyi watoto, mkiisha kucheza naye, naweni mikono kwa sabuni.

Nne ni malezi. Wazee husema, samaki mkunje angali mbichi. Mpaka miezi 3 au 4 hivi mbwa hujifunza nani ni rafiki. Katika siku hizo azoeshwe watu wazima na watoto, mbuzi na kuku, hata baiskeli ipitayo njiani. Watoto wasimvute mkia, wasimsumbue akila au akilala. Mbwa afungwaye mchana kutwa na kupigwa huwa mkali kwa sababu ya hofu, na mbwa mwenye hofu huuma hata mwenyeji.

Sasa twafikia jambo lililo kubwa kuliko yote, nalo ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu hupita katika mate ya mnyama mgonjwa, na dalili zikiisha kumtokea mtu, kupona ni nadra mno. Lakini kinga ipo. Julai 1885, huko Ufaransa, Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, akapona. Tangu hapo chanjo zimezidi kuwa bora, kwa watu na kwa mbwa. Katika vijiji vilivyo karibu na Serengeti, mbwa walipochanjwa kwa wingi, hatari ya kichaa kwa watu ilipungua sana. Wataalamu husema yatosha mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea.

Wengi, siku ya chanjo itangazwapo kijijini, huwapeleka mbwa wakubwa na kumwacha mdogo nyumbani, wakisema, “Huyu bado mchanga.” Hivyo sivyo. Mdogo ndiye achezaye na watoto, ndiye apakatwaye, ndiye alambaye mikono yao. Apelekwe naye kwa Bwana Mifugo, na chanjo irudiwe kama atakavyoagizwa.

Na mtu akiumwa na mbwa, hata kijibwa, hata kama jeraha ni dogo, lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali upesi akaulizie chanjo. Asingoje kuona kama ataugua, kwa maana dalili huweza kukawia majuma au miezi, na zikija, wakati umekwisha pita. Mtoto aliyeumwa asikemewe, asije akaficha jeraha kwa kuogopa fimbo.

Wasikilizaji wetu, kumleta mtoto wa mbwa nyumbani ni kazi ya mara moja, bali kumtunza ni kazi ya kila siku. Ampatiaye mahali pa kulala, chakula, malezi na chanjo, amewalinda watoto wake mwenyewe na watoto wa jirani.