Diski ya Nje Isipoonekana Kwenye Kompyuta

Wakati wa kukabidhi tasnifu, wanafunzi wa vyuo vikuu vya MUST jijini Mbeya na Mkwawa mjini Iringa hubeba kazi ya miaka kadhaa ndani ya diski moja ya nje. Inachomekwa, taa inawaka, lakini kompyuta haionyeshi kitu.

Mara nyingi tatizo ni waya. Fundi makini huanza hapo: hubadili waya, kisha tundu. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa hadi miliampea 500, la USB 3.0 hadi 900. Diski yenye sahani zinazozunguka ikipungukiwa umeme hulia tik-tik na kusimama. Mlio huo ukiendelea hata kwa waya mzima, ichomolewe upesi. Huenda vichwa vya kusomea vimeharibika, na kila jaribio jipya huzidi kukwaruza sahani.

Kama hailii lakini bado haionekani, Windows ina Disk Management, programu inayoonyesha diski zote zilizounganishwa. Pengine diski ipo, imekosa tu herufi ya kuitambulisha. Ikipewa, mafaili yanaonekana.

La kuogopwa zaidi ni ujumbe unaotaka diski ifomatiwe. Msikilizaji, usikubali kufomati kabla mafaili yako hayajaokolewa.