Kuhara kwa Ghafla: Kinywaji Kitangulie Safari ya Zahanati



Mtoto anapoanza kuhara usiku, na zahanati iko ng'ambo ya vilima viwili, jambo la kwanza linalofanyika katika baadhi ya nyumba ni kumnyima maji, kwa hoja kwamba akinywa atazidi kuhara. Hoja hiyo huonekana kuwa na busara, kumbe ina hatari kubwa. Anayehara huzidiwa kwa sababu maji na chumvi vimetoka mwilini bila kurudishwa, na kwa mtoto mdogo upungufu huo unaweza kufikia hali ya hatari katika muda wa saa chache.

Mkoa wa Kigoma uliliona jambo hili kwa macho yake. Mwezi Mei 2015, maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walikusanyika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, na kipindupindu kikazuka. Kabla mwezi huo haujaisha, wagonjwa walikuwa wamefikia takribani 3,000. Wakimbizi walisafirishwa kwa meli, MV Liemba ikiwamo, hadi Kigoma mjini, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Msingi wa tiba ulikuwa kurudisha maji mwilini: dripu kwa waliozidiwa, na kwa wengine kikombe cha maji yenye chumvi na sukari.

Kikombe hicho kilikwisha kupimwa katika shida kama hiyo mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi huko Bangaon, India, wakati wa vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh. Dripu zilipopungua, daktari Dilip Mahalanabis aliwaachia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe mchanganyiko huo. Vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Ndugu hao hawakuwa wauguzi. Walikuwa mama, shangazi na kaka waliokaa kando ya mgonjwa wakiwa na kikombe mkononi.

Siri yake ni ndogo. Utumbo wa anayehara bado hupokea sukari, na sukari inapopita huingia pamoja na chumvi, nayo chumvi huvuta maji. Kwa hiyo maji matupu pekee hayatoshi, na soda, kwa wingi wa sukari yake, huweza kuzidisha kuhara.

Pakiti ya ORS ichanganywe yote kwa mara moja, kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Ikikosekana, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa itiwe vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vikiwa vimesawazishwa kwa mgongo wa kisu. Chupa mbili za nusu lita hutosha kupima lita hiyo. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto, hivyo mwandaaji aonje kwanza: ladha isipite ile ya machozi. Kitakachobaki baada ya saa 24 kimwagwe.

Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kila anapohara. Aliyezidi umri huo, nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, mlezi asubiri dakika kumi, kisha aendelee kwa kijiko, polepole. Maziwa ya mama yasikatizwe, wala chakula.

Hapa ndipo wazazi wengi hukata tamaa, kwa kuwa kinywaji hiki hakifungi tumbo. Mtoto anaweza kuhara siku kadhaa huku akinyweshwa vizuri, na bado akawa salama. Kipimo ni mkojo, machozi na uchangamfu wake. Vidonge vya zinki, vinavyotolewa kwa siku 10 hadi 14, husaidia kufupisha ugonjwa. Dawa za kuzuia kuhara hazifai kwa watoto, na antibiotiki zisinunuliwe bila ushauri wa mtaalamu. Kung'oa kinachoitwa "meno ya plastiki" hakutibu kitu: kinachong'olewa ni chipukizi la jino halisi, na jeraha hilo limewaletea watoto wengi maambukizi.

Damu kwenye kinyesi, macho yaliyodidimia, ngozi ya tumbo inayochelewa kurudi ikifinywa, kutapika kila kitu, usingizi usio wa kawaida, au kuhara maji mengi mfululizo yanayofanana na maji ya mchele: lolote kati ya hayo likionekana, safari ianze mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Asiyeweza kumeza asilazimishwe. Anayeweza kunywa asisubiri foleni ya zahanati; anayempakata nyuma ya bodaboda abebe chupa na kijiko, na dereva asimame njiani kila inapobidi ili mtoto anyweshwe.