Mama Bingwa wa Judo

Nataka kuwahadithia juu ya Clarisse Agbégnénou, Mfaransa mwenye asili ya Togo, aliyezaliwa njiti mjini Rennes mwaka 1992, naye akaja kuwa bingwa wa dunia wa judo mara 6 katika uzani wa kilo 63. Katika Olimpiki ya Rio, mwaka 2016, Tina Trstenjak wa Slovenia alimnyima dhahabu katika fainali. Akastahimili miaka mitano, hata Tokyo akakutana na mwanamke yule yule katika fainali nyingine, akamshinda, kisha wakakumbatiana palepale mkekani, na muruwa ule mimi nauenzi kuliko nishani yenyewe.

Juni 2022 alijifungua binti. Na kabla mtoto hajatimiza mwaka, mama akatwaa tena ubingwa wa dunia mjini Doha, ilhali bado ananyonyesha.

Nasi Wakisii tunaye mfano wake. Hellen Obiri, mzaliwa wa huku kwetu, alipata binti mwaka 2015, na mwaka uliofuata akarudi kutoka Rio hiyo hiyo na nishani ya fedha ya mita 5,000. Na Paris, mwaka 2024, kila mmoja wao alipata shaba, Agbégnénou katika judo, Obiri katika marathoni.

Basi nawasihi waume, wakwe na walimu: mwanamke aliyejifungua akitaka kurejea kiwanjani, mpisheni, na mtoto wake mleeni saa za mazoezi.