Msiwaimbishe Watoto kwa Ajili ya Wageni

Hotuba ya mwalimu wa kwaya kwa wakazi wa Bahati, Siku ya Wakimbizi Duniani, Juni 20



Nimeombwa nieleze jinsi muziki unavyowasaidia akina mama na watoto kambini. Wengi wenu mnajua kambi ni nini. Baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao. Uwanja wa maonyesho ya kilimo hapa Nakuru, tulipozoea kwenda kutazama ng'ombe wa maziwa, ukajaa mahema. Nilijitolea kufundisha watoto nyimbo pale.

Nilianza vibaya. Kila gari la wageni lilipoingia niliwapanga watoto mistari, wakaimba, wakapigwa picha. Kulikuwa na msichana wa miaka kama minane ambaye hakuwa amesema neno tangu afike. Siku moja nilimsimamisha mbele. Akatetemeka, akajikojolea. Mama yake alikuja akamshika mkono, akaniambia bila hasira, "Mwalimu, hawa wageni ni wako, si wake."

Tangu siku hiyo niliacha kupanga mistari nikaanza kukaa na akina mama jioni, vyombo vikishaoshwa. Mmoja alipiga mtungi wa maji, mwingine akatoa wimbo wa kubembeleza kwa Kikuyu, mwingine kwa Kigusii, mwingine kwa Kiluhya. Wengine waliitikia hata kama maneno hawakuyaelewa. Yule msichana alikaa mapajani mwa mama yake, vidole vikigonga mtungi. Baada ya majuma kadhaa aliitikia kiitikio. Kuongea alikuwa bado, lakini aliimba.

Nimefikiria sana kwa nini. Kambini mtoto hajui chakula kitakuja lini wala kesho atalala wapi. Kiitikio anakijua. Anajua kinarudi, na kikirudi ana kazi yake. Na mama anayembembeleza mtoto naye pumzi yake inatulia. Isitoshe, ni katikati ya nyimbo hizo ndipo tuliposikia nani hana maziwa na nani anaogopa kwenda chooni usiku.

Kakuma, kambi iliyofunguliwa 1992, muziki haujakoma. Emmanuel Jal, aliyekuwa askari mtoto Sudan kabla ya kuletwa Kenya, alitoa wimbo wake Gua mwaka 2005 na sauti yake ikafika mbali. Lakini si kila mtoto atakuwa Jal, wala hatumtaki awe. Na tusidanganyane: mtoto aliyedhulumiwa apelekwe hospitali na kwa polisi kwanza. Ngoma si dawa ya jambo hilo.

Nasema haya kwa sababu kambi hazijatuacha. Bwawa la Solai lilipopasuka Mei 2018, na mafuriko yalipopiga Mai Mahiu Aprili 2024, familia zililala tena mahali pasipo pao. Likitokea lingine, pamoja na blanketi na unga, tuwatengee akina mama kona yao na saa moja ya jioni bila kamera. Mtoto asiyetaka kuimba aachwe akae tu.

Ngoma tatu na kayamba mbili ziko kwenye stoo ya ukumbi huu. Funguo ninayo mimi. Akina mama wawili au watatu wa kila kijiji wabaki baada ya mkutano, tuanze mazoezi Jumamosi saa nane.