Punda Milia, Nguva na Urithi wa Mifupa



Ukimtazama punda milia kando ya barabara inayokatiza Mikumi, utaapa kwamba goti la mguu wake wa nyuma limepinda kinyumenyume. Unachokitazama ni kisigino. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo, na kila mguu umesimama kwenye ncha ya kidole kimoja tu, kile cha kati. Kwato ni ukucha wake.

Jioni hii nina hoja moja. Mnyama huingia katika maisha mapya akiwa na mifupa ya wazee wake. Uteuzi asilia huurefusha mfupa huu, huufifisha ule, na kila faida inayopatikana hulipiwa mahali pengine mwilini.

Mpapase mguu punda wa kawaida, hata yule anayevuta mkokoteni wa maji, kuanzia kisigino kushuka chini. Hukuti mnofu. Kuna ngozi, mfupa mmoja mrefu na kano. Misuli mikubwa yote imepanda juu, kwenye mapaja na mabega, kwani mguu wa mkimbiaji hurushwa mbele na kurudishwa nyuma bila kupumzika, na uzito ulio mbali na nyonga ndio unaochosha zaidi. Aliyewahi kulima masika huku tope limemganda kwenye mabuti analijua hilo bila kusoma fizikia. Kano nazo huvutika mguu unapokanyaga, kisha hujirudi unaponyanyuka na kurejesha sehemu ya nguvu iliyotumika. Pembeni mwa mfupa ule mrefu, kwa nyuma, vidole vyako vitagusa vijifupa viwili vyembamba visivyofika chini. Hayo ni mabaki ya vidole vya jirani.

Wazee wa ukoo huu wa punda, punda milia na farasi, walioishi Amerika Kaskazini yapata miaka milioni 55 iliyopita, walikuwa na kimo cha mbwa, walikula majani msituni, na walikuwa na vidole vinne mbele na vitatu nyuma. Thomas Huxley, mtetezi mkubwa wa Darwin, alikwenda Marekani mwaka 1876 kutoa mihadhara ya umma akiamini kuwa chimbuko la farasi ni Ulaya. Othniel Marsh, mtaalamu wa visukuku, akamwonyesha kule Chuo Kikuu cha Yale mifupa aliyoikusanya, na Huxley akalazimika kuibadilisha hotuba yake. (Yangu naiacha ilivyo, labda kama kuna mtu humu amekuja na mifupa.)

Hapa kwetu twende Laetoli. Mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilianza kufukua huko, kwenye majivu ya volkano, nyayo za viumbe waliotembea wima zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita. Nyayo hizo zimepata sifa zote. Lakini katika majivu hayohayo zimo pia nyayo za hiparioni, jamaa wa farasi aliyekuwa na kwato moja kubwa na vidole viwili vidogo pembeni. Huyu hakuwa babu wa punda milia. Alikuwa binamu, na ukoo wa punda milia ulipoingia Afrika baadaye, wote wawili waliishi bara hili kwa muda mrefu. Picha za vitabuni zinazompandisha farasi ngazi, kidole kikipungua kila daraja, zinapotosha.

Gharama ya mguu wa kidole kimoja? Punda milia hawezi kushika kitu wala kupanda mti, na akivunjika mguu ndio mwisho wake.

Duma sitakaa naye sana. Mwaka 2013 Alan Wilson na wenzake walichapisha vipimo vya duma waliovishwa kola kule Botswana: kasi ya juu kabisa ilikuwa kilomita 93 kwa saa, lakini mawindo mengi yalifanyika chini ya hapo. Kinachomlisha ni kuchomoka na kukata kona. Wepesi wa mwili unaomwezesha hayo ndio huohuo unaomfanya amwachie fisi nyama yake.

Nguva ndiye anayenisisimua zaidi. Ni jamaa wa tembo na pimbi, mla majani aliyerudi baharini. Mnyama mwenye mapafu huelea, naye chakula chake, majani ya bahari, kiko chini. Basi mbavu zake zimekuwa nene na nzito, zimejaa ndani, nazo humsaidia kuzama. Mapafu ni marefu, yamelala sambamba na mgongo ili mwili usiinamie upande mmoja. Miguu ya nyuma imetoweka, vimebaki vijifupa vya nyonga ndani ya nyama. Pezi la mbele bado lina mifupa ya vidole vitano. Mkia hupiga juu na chini, wakati wa samaki huenda kushoto na kulia, kwa kuwa uti wa mgongo wa wazee wake wa nchi kavu ulizoea kujikunja hivyo.

Mwili huo unafaa maisha ya polepole, ya kupanda juu kuvuta pumzi kila baada ya dakika chache. Katika wavu wa jarife haufai kitu. Akinaswa chini, nguva hufa kwa kukosa hewa, na jike huzaa mtoto mmoja tu kwa miaka kadhaa. Wanafunzi mliotoka Rufiji, Mafia na Kilwa, wafikishieni wavuvi wa nyumbani ombi langu: nguva akinaswa hai, wamkatie wavu aende, akikutwa amekufa, wamwite ofisa uvuvi kabla hajakatwa vipande, ili mifupa yake ifike maabara.